Bi Harusi, Ngoma Yako Inatazamwa na Nani?

Kwa wale wasionijua, mimi ni fundi cherehani na mfanyabiashara wa nguo za harusi hapa Sengerema, ng'ambo ya ziwa ukitokea Mwanza mjini. Nashona mashela, magauni ya hina, sare za mawifi na mashangazi, na kanzu za bwana harusi zikija. Mwezi wa Shaabani na ule wa Shawwal silali, kwa sababu kila mtu anataka kuoa au kuolewa kabla ya funga au mara tu baada ya Idi.

Msimu wa karibuni, karibu kila binti niliyempima aliniuliza swali moja: "Dada, hili gauni nitaweza kuchezea?" Na mimi namrudishia langu: utacheza mbele ya nani? Hapo wengi hukaa kimya. Wameshamlipa mwalimu wa kuwafundisha kucheza, wameshachagua wimbo, wasimamizi wameshapewa rangi ya sare, lakini hilo la nani atakayetazama hakuna aliyekaa akalifikiria.

Maoni yangu nayatoa mapema ili usome ukijua ninakokwenda. Mwanamke wa Kiislamu hana kosa kutoka jioni moja na wenzake kwenda kutazama sanaa yenye adabu, akiwa kajisitiri na wa nyumbani kwake wana habari. Na bi harusi hana kosa kufurahi na kucheza na wanawake wenzake. Ninalolikataa ni huu mtindo wa kumgeuza bi harusi kuwa onyesho la ukumbi mzima, wanaume kwa wanawake, halafu likaendelea kwenye simu za watu ambao hata harusini hawakufika.

Jioni ya Mwanza

Tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lifunguliwe tarehe 19 Juni 2025, sisi wa Sengerema tumepata jioni. Nyie wa kisiwani mnaoishi kwa ratiba ya boti mtanielewa. Zamani tulipanga maisha yetu kwa kivuko. Ukichelewa, unalala Mwanza, na mwanamke aliyelala Mwanza bila sababu ana maelezo mengi ya kutoa kesho yake. Sasa daraja lina urefu wa kilomita 3, gari linalivuka kwa dakika chache, na mtu anaweza kwenda mjini baada ya Alasiri akarudi kulala kwake.

Basi tukajikusanya wanawake watano, kila mmoja na ruhusa ya kwake, tukakodi gari, tukaenda kutazama vijana wanaocheza dansi ya kisasa. Wenyewe si wale wa kukata viuno nyuma ya mwanamuziki. Hii ni ile ya jukwaani, ya kimyakimya, ambapo mwili unasimulia habari bila maneno. Kipande kimoja kilikuwa cha wanawake wa mwaloni wanaosubiri mitumbwi. Hakukuwa na mtumbwi wala dagaa pale, ila binti alipoinama akapepeta kwa mikono mitupu, mwenzangu mmoja ambaye mama yake ameanika dagaa maisha yake yote alianza kulia. Halafu ngoma ikaingia na mapigo ya bugobogobo, ile ya wakulima na majembe yao, ukumbi wote ukaamka.

Sitawadanganya kwamba yote yalinipendeza. Kuna kipande cha mwanaume na mwanamke walioshikana kwa muda mrefu, hapo niliinamisha macho. Na ratiba ilitupita pembeni kabisa: tangazo lilisema saa 12 jioni, wakaanza karibu na saa 1, na Mwanza jua linazama wakati huohuo. Tulitoka tukaswali Magharibi msikiti wa jirani, tuliporudi kipande kimoja kilikuwa kimekwisha. Waandaaji wangeweka mapumziko ya dakika ishirini tu, nusu ya watazamaji wangewaombea dua.

Lakini jicho la fundi halilali. Nilitazama nguo kuliko nilivyotazama miguu. Wale mabinti walivaa suruali pana za kufika kifundoni na mashati marefu ya kulegea. Mmoja alilala sakafuni, akaruka, akageuka kichwa chini miguu juu, na sikuona tumbo wala mgongo wake. Aliyeshona pale alijua kazi: shati limechomekwa na kushikizwa kwa ndani, suruali ina lastiki chini, na kwapani kumeongezwa kipande cha kitambaa, kile ambacho mafundi wa kanzu wanakiita kikwapa, ili mkono upande bila kuvuta nguo yote. Nikawaza wateja wangu, wanaokuja na picha ya gauni la kubana mpaka magotini, na bado wanataka kucheza.

Niliyoulizwa niliporudi

Habari ya mji mdogo haikai. Kabla ya Ijumaa mama mmoja ninayemheshimu sana, tuliyekaa naye darsa moja, aliniita pembeni: "Mwanangu, mwanamke wa kheri anakwenda kutazama watu wanaocheza?" Sikumjibu kwa jeuri. Ni swali la haki, na aliuliza kwa mapenzi.

Mimi si sheikh na sitoi fatwa. Nasema kile tulichosomeshwa wote. Katika Sahihi Bukhari na Sahihi Muslim imepokewa kutoka kwa Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, kwamba siku ya Idi Wahabeshi walikuwa wakicheza na mikuki yao msikitini Madina. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimsitiri kwa nguo yake naye akawa anawatazama, mpaka alipotosheka mwenyewe. Wanazuoni wameizungumza hadithi hii kwa upana na wametofautiana mwanamke aangalie wanaume kwa kiasi gani, na katika hali gani. Hilo muulize sheikh wako. Lakini kila nikiisoma naona mambo mawili yamekaa pamoja. Aliachwa atazame mpaka akinai, hakuna aliyemwambia furaha si ya mwanamke. Na wakati wote huo alikuwa amesitiriwa. Alitazama, na hakutazamwa.

Kuna na ile ya mwanamke aliyepelekwa kwa mume wake katika Maansari, Mtume akamuuliza Bibi Aisha kama hapakuwa na cha kuwachangamsha, kwa kuwa Maansari wanapenda mambo hayo. Nayo imo katika Bukhari. Kwa hiyo anayesema harusi ya Kiislamu lazima iwe kama msiba, hajaipata kwetu.

Upande wa pili, Suratun-Nur ipo. Aya ya 30 inaanza na wanaume, wainamishe macho yao. Aya ya 31 inakuja kwetu, na mwishoni inataja hata miguu: tusiipige chini ili yajulikane mapambo tunayoyaficha. Nimekuwa nikijiuliza, kama sauti ya bangili ya mguuni imetajwa, tutasema nini juu ya kamera inayosogezwa mpaka kiunoni?

Ngoma za zamani zilikuwa na mlango

Watu wakisikia "utamaduni" wanadhani ngoma zote za zamani zilikuwa kitu kimoja. Hazikuwa.

Huku Usukumani ngoma ni mashindano. Kuna vyama viwili vikongwe, Bagika na Bagalu, ambavyo asili yake wazee wanaipeleka kwa waganga wawili, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno makundi hukutana uwanjani, kila moja na ngoma yake siku hiyohiyo, na linalovuta watu wengi ndilo limeshinda. Ndiyo maana wanaingiza manyoya, sarakasi, hata nyoka, ili watu wahame kutoka kwa wenzao. Ukifika Bujora, kule Kisesa kwenye Makumbusho ya Wasukuma, wakati wa sikukuu ya Bulabo mwezi wa sita, utayaona mambo hayo mpaka leo. Ngoma ile imetengenezwa ili itazamwe na kila mtu. Nami nikiwa mtoto wa huku naipenda, na wakicheza wenye nayo sina neno.

Pwani na visiwani, ngoma nyingi za wanawake zilikwenda njia nyingine. Lelemama ilikuwa na vyama vyake, viongozi wake, sare zake na ushindani wake mkali, lakini wenye ngoma ni wanawake wenyewe. Unyago ndio kabisa. Marehemu Bi Kidude, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013, dunia nzima ilimjua kwa taarabu na ngoma, lakini somo la unyago lilikuwa la mwali na wanawake, ndani, mlango umefungwa. Mwali alifundishwa kucheza kwa ajili ya nyumba yake. Hakuna aliyedhani siku moja shemeji zake watakaa mstari wa mbele.

Na msidhani mikusanyiko ile ya wanawake ilikuwa upuuzi. Mwaka 1955 TANU ilipotaka wanawake Dar es Salaam, Bibi Titi Mohamed, Mwislamu na mwimbaji kiongozi katika kikundi chake cha ngoma, aliwapata kupitia vikundi hivyohivyo. Wanawake walikuwa wameshazoea kukusanyika, kuchangishana, kuchagua viongozi na kutunza siri. Nchi ikapata uhuru na wao wamo. Hata juzijuzi, mwaka 2009, Zanzibar ilianzishwa Tausi, taarabu ya wanawake watupu, wapigaji wa vyombo wote wanawake. Kwa hiyo hakuna wa kutuambia kwamba bila wanaume shughuli haichangamki.

Sasa tazama kilichotokea. Tumechukua usiku wa hina, ambao mila yake ni mlango kufungwa, tukauendesha kwa sheria ya Bagika na Bagalu: anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Uwanja wenyewe sasa ni TikTok na stetasi za WhatsApp. Bi harusi anashindanishwa na bi harusi wa wiki iliyopita ambaye hata hamjui.

Bei yake anailipa nani

Nina mteja mmoja, sitamtaja wala kusema ni wa kijiji gani. Binti mpole, amesoma, amevaa stara tangu utotoni. Usiku wake wa hina ulikuwa wa wanawake watupu, ndani ya uzio, na mama yake aliwatoa mpaka wavulana wakubwa. Binti akacheza kama mtu anayejua yuko kwao: ushungi umetoka, jasho linamtiririka, anacheka. Mtu mmoja wa ukoo akarusha kipande cha nusu dakika kwenye stetasi, na maneno ya kumsifia juu yake. Usiku huohuo kikatoka simu hadi simu, asubuhi kikafika kwa baba mdogo wa bwana harusi.

Ndoa ilitakiwa ifungwe baada ya Adhuhuri. Ilifungwa baada ya Alasiri, na katikati hapo wazee walikaa kumjadili binti kana kwamba yuko mahakamani. Alhamdulillah, kijana alikuwa na akili, akasema aliyemkosea ni mrushaji na si mchezaji. Lakini binti aliolewa macho yamevimba, na shela niliyolishonea wiki tatu hakuna aliyeliangalia. Aliyerusha alifuta, akasema "samahani, nilijua tumefurahi tu", yakaisha kwake. Kwa binti hayajaisha. Mawifi bado wana kile kipande.

Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ni vizuri ipo. Lakini niambie, bi harusi gani atamshitaki binamu yake wiki ya fungate? Kinga yake lazima iwe mlangoni, kabla mziki haujaanza.

Niliyoanza kuwaambia wateja wangu

Amueni kwanza usiku upi ni wa nani. Ukumbi wa mchanganyiko una heshima yake: bi harusi anaingia kwa dufu na kasida, anakaa, anatunzwa, watu wanakula, wanaondoka. Hapo kucheza si lazima, na MC aambiwe mapema, kwa sababu ndiye mwenye tabia ya kupiga kelele "bi harusi, tuoneshe!" mpaka mtu anaona aibu kukataa. Kucheza kuwe usiku wa wanawake.

Usiku wa wanawake uwe wa wanawake kwelikweli. Nimeona kumbi zilizoandikwa "wanawake tu" huku mpiga mziki ni kijana, wagawa soda ni vijana, na madirisha yako wazi barabarani. Mziki unaweza kuwekwa na binti yeyote mwenye spika na orodha ya nyimbo mlizokubaliana. Vinywaji wagawe mabinti wa ukoo. Pazia ni kanga tu, na kanga hazikosekani harusini.

Simu zibaki mlangoni. Kapu moja, vibandiko vyenye namba, na shangazi mmoja asiyecheka na mtu. Mwanzoni watu watanung'unika, baada ya nusu saa watasahau. Mimi nimeona tofauti: kina mama wa miaka sitini wanaoshinda ukutani wakijua kuna kamera, siku hiyo waliingia katikati, na vijana ndio wakakaa pembeni kujifunza. Picha za kumbukumbu apige mwanamke mmoja aliyelipwa, na ile memori kadi aondoke nayo bi harusi mwenyewe.

Sasa nguo, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Usipimwe ukiwa umesimama kama mlingoti. Mwambie fundi wako akupime umeinua mikono, umekaa, umechuchumaa. Gauni ambalo shimo la mkono limeshuka sana chini, ukiinua mkono linapanda lote na pindo linafika kwenye muundi. Shimo likiwa juu karibu na kwapa, au likiongezwa kikwapa, mkono unapanda na gauni linabaki mahali pake. Lesi iwe na bitana mpaka kwenye mikono, si kifuani tu. Mpasuo wa nyuma ujazwe kitambaa cha kukunjana kwa ndani, unapata hatua na hakuna kinachoonekana. Mkia wa shela uwekewe kitanzi na kifungo cha kuunyanyulia, maana wengi wanaanguka kwa mkia, si kwa wimbo. Na ushungi ushikizwe kwenye kofia yake ya ndani kwa uzi, usitegemee pini mbili.

Hayo hayaongezi gharama kubwa. Tofauti ni kwamba fundi ajue mapema kwamba utacheza, na wewe ujue utacheza mbele ya nani.

Kwa pande zote mbili

Wapo watakaosema narudisha wanawake ndani. Dada, mimi nina duka, nalipa kodi, navuka daraja kwenda kununua vitambaa kwa hela yangu na natoka jioni kutazama sanaa. Sijamrudisha mtu ndani. Nasema furaha ambayo kesho inakugeukia kuwa kesi haikuwa furaha yako, ilikuwa ya watazamaji.

Na wapo watakaosema funga kabisa, hakuna cha hina wala ngoma. Nao nawajibu kwa heshima. Mkifunga kila mlango wa halali, mabinti hawatakaa wakiwa wametulia. Watafuata ukumbi wa watu wengine, kwa masharti ya watu wengine. Mimi ningependa misikiti yetu na madrasa zetu za kina mama hapa Sengerema na huko kwenu ziwe na jioni yake mara moja kwa miezi: mashairi, dufu, maigizo ya mabinti, vichekesho vya bibi zetu, wanawake watupu, watoto wapo, Isha inaswaliwa jamaa. Wenye kipaji wapate pa kukionesha. Na tuwalipe. Tunawatuza waimbaji wa nje mamilioni, binti yetu anayepiga dufu tunampa soda.

Wewe unayeolewa baada ya Idi, inshaallah, fanya jambo moja wiki hii kabla hujalipia kitu kingine. Kaa na mama yako, somo wako na wifi mkubwa, muulizane: usiku wetu wa hina, nani atashika kapu la simu? Mkipata jina la mtu, njoo tupime gauni.

Wabillahi tawfiq.